Mume wa Elfu Themanini

Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, Rosalia alikuwa ameshafika Soko la Mikorosho, Temeke. Alivaa mabuti ya mpira, akafunga kanga kiunoni, akachukua koleo. Kazi yake ilikuwa usafi. Alifagia kati ya vizimba vyote. Alizibua mfereji uliojaa maganda ya ndizi na vichwa vya samaki. Kisha aliosha vyoo. Kuhusu vyoo sitasema mengi, maana wengine mnasoma huku mnakula.

Getini alikaa Gaudens, mlinzi. Gaudens alikuwa na kofia, filimbi na kiti cha plastiki. Jua likisogea, alisogeza kiti kivulini. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya siku nzima.

Ofisini alikuwa Mwanaasha, karani wa ushuru. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, hajaolewa. Alikata risiti, akaandika daftari, na kila mchana alipeleka fedha benki. Shilingi ikipotea, ni yeye wa kujibu.

Watatu hawa walilipwa kutokana na mapato ya soko. Kwa muda mrefu walilipwa kienyeji. Mwezi huu walipata hivi, mwezi ujao vile. Siku moja ikaja barua kutoka manispaa. Ilisema kamati ya soko ipange viwango vya malipo vya haki, halafu ivipeleke vikaangaliwe.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Cyprian. Mzee huyu alikuwa mtu mwema, hilo niliseme mapema, msije mkamchukia. Hakuwahi kupanga mishahara maishani mwake. Lakini alikuwa ameongoza kamati za harusi thelathini na moja. Ukitaka harusi yako isikwame, ulimtafuta Mzee Cyprian.

Katika kamati ya harusi, kila mtu huchanga kulingana na hali yake. Mwenye duka huandikiwa kiasi kikubwa. Mwenye watoto wengi huonewa huruma. Mzee Cyprian akaona mishahara ni vilevile, ila inageuzwa tu. Badala ya kukusanya, unagawa.

Akachora mistari kwenye daftari. Safu ya kwanza aliandika jina. Ya pili, mke au mume. Ya tatu, watoto. Ya nne, wengine wanaomtegemea. Safu ya kazi haikuwepo. Ndiyo, umesoma sawasawa. Katika daftari la malipo ya kazi, kazi yenyewe haikuandikwa.

"Tutajaribu hivi miezi mitatu," Mzee Cyprian aliwaambia wajumbe. "Tukiona inakwenda, tunapeleka manispaa."

Gaudens alikuwa na watoto sita na mama mkwe kutoka Songea. Akawa wa kwanza. Rosalia alikuwa na watoto wawili na mume. Gaudens akamzidi kwa shilingi elfu themanini kwa mwezi. Mwanaasha hakuwa na mtu, akawa wa mwisho.

Rosalia alikwenda ofisini na mabuti yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Naomba kuelewa, mzee. Mie nimepungukiwa nini mpaka Gaudens anizidi elfu themanini?"

"Hujapungukiwa, mama. Umezidi. Wewe una mume."

"Kwani mume wangu anazibua mfereji?"

"Anselmo ni mchonga vinyago. Anauza. Nyumba yenu ina mifuko miwili. Ya Gaudens ina mfuko mmoja, watoto sita, na mama mkwe."

"Na mama mkwe anakula, jamani!" Gaudens alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake.

"Na mie je, mzee?" aliuliza Mwanaasha, kalamu mkononi.

"Wewe binti yangu huna hata mtoto. Hela utazipeleka wapi?"

Mwanaasha akafunga daftari kwa kishindo.

Jioni Rosalia alimkuta mumewe uani, amekaa chini katikati ya vumbi la mpingo.

"Anselmo, unajua unanigharimu shilingi ngapi?"

"Mie? Leo nimekula mara mbili tu."

"Elfu themanini kwa mwezi. Kwa kuwepo tu."

Rosalia akamweleza yote. Anselmo akaweka patasi chini. "Lakini mke wangu, mara ya mwisho niliuza mwezi wa tatu. Niliuza twiga. Na mteja alimrudisha akasema shingo fupi."

"Nenda kamwambie Mzee Cyprian hivyo."

Pale sokoni, watu walishaelewa mchezo. Kama malipo yanafuata wategemezi, basi wategemezi waongezeke. Wiki ile Mwanaasha alikuja kazini na watoto mapacha wa dada yake wa Buguruni.

"Hawa ni nani?" Mzee Cyprian aliuliza.

"Wananitegemea, mzee."

"Mama mdogo," alisema pacha mmoja, "tunarudi kwetu saa ngapi?"

Gaudens naye hakulala. Akaongeza mjomba wa Kigamboni. Akaongeza na bibi yake wa Songea, yule ambaye mwaka jana soko zima lilichanga rambirambi akazikwa.

Rosalia hakuwa na watoto wa kuazima. Alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akaingia ofisini, akatazama sakafu.

"Mzee, andika. Mume wangu ameondoka."

Na kweli alikuwa ameondoka. Alikwenda Mbagala kununua msasa, akarudi baada ya saa moja. Lakini hilo Rosalia hakulisema.

Mzee Cyprian alitoa leso akajifuta macho. Alifuta jina la Anselmo kwenye safu ya pili. Mwisho wa mwezi Rosalia alipata elfu themanini zake.

Sasa taabu ikaanza. Kwanza, Anselmo hakuweza tena kutoka kwa mlango wa mbele. Pili, hakuweza kwenda kijiweni kunywa kahawa. Tatu, ilibidi achongee chumbani, na vumbi likajaa kitandani. Nne, alitokea Stanley.

Stanley alikuwa muuza nyanya na mjumbe wa kamati. Mkewe alifariki miaka mingi iliyopita. Alikuja kizimba kwa kizimba mpaka pale Rosalia alipokuwa akifagia.

"Pole sana, mama. Usilie peke yako. Chukua hizi nyanya."

Alimpa ndoo ndogo, imejaa. Siku iliyofuata akampa nyingine. Anselmo alizila zile nyanya kwa hasira. Zilikuwa nyanya nzuri, na hilo lilimuuma zaidi.

"Huyu Stanley anataka nini?" aliuliza akiwa amejificha nyuma ya kabati.

"Anataka kunifariji."

"Mwambie umefarijika!"

Rosalia alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Aliona aibu. Miaka kumi na tisa ya ndoa, kanisani, mbele ya watu, na leo anamficha mumewe ili alipwe sawa na mtu anayekaa kwenye kiti. Alimkasirikia Mzee Cyprian. Alijikasirikia na yeye mwenyewe.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mlango ukagongwa.

"Hodi!"

Ilikuwa jumuiya. Majirani kumi na wawili walikuja na rozari kumwombea Rosalia katika msiba wake. Mzee Cyprian alikuwa mbele, Stanley alikuwa nyuma na ndoo. Rosalia alimsukuma Anselmo nyuma ya pazia la chumbani. Alikuwa na shuka tu kiunoni.

Watu wakakaa. Wakasali. Mwisho Mzee Cyprian akainua mikono.

"Bwana, mtazame kondoo wako Anselmo popote alipo. Mtoe kwenye anasa. Mrudishe kwa mke wake."

Stanley hakuitikia kwa nguvu sana.

"Tumsifu Yesu Kristo!" akamalizia Mzee Cyprian.

"Milele amina," wakajibu wote.

"Milele amina," ikajibu sauti nzito nyuma ya pazia.

Wote wakaligeukia pazia. Anselmo alikuwa ameitikia salamu ile tangu utoto wake Masasi. Mdomo ulifunguka wenyewe.

Mama Demetria ndiye aliyeinuka. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mama wa miaka sitini na tano aliyestaafu uafisa utumishi. Kwa miaka ishirini na nane, kwenye halmashauri moja huko Kagera, kazi yake ilikuwa kushughulikia ajira, vyeo na mishahara ya watumishi. Akavuta pazia.

"Shikamoo, mama," alisema Anselmo, ameshika shuka.

"Marahaba, baba. Umerudi lini?"

"Sijaondoka."

Mzee Cyprian alisimama. "Rosalia! Mie nilikulilia kabisa!"

"Nisamehe, mzee," Rosalia alisema, machozi yakimtoka. "Nimedanganya na nimeona aibu. Elfu themanini zenu nitazirudisha. Lakini kila siku naingiza mikono kwenye mfereji ule, halafu naambiwa nisilipwe vizuri kwa sababu nina mume. Kuna kiwanda Mikocheni wanatafuta mtu wa usafi. Kama mambo ni haya, Jumatatu nakwenda huko."

Watu wakatazamana. Walikumbuka. Mwaka jana Rosalia aliugua siku nne, na siku ya tano bwana afya akafunga soko. Stanley alipoteza matenga saba ya nyanya.

"Asiende!" alisema Stanley. Kisha akamtazama Anselmo na shuka lake. "Nasema kwa ajili ya soko."

Mama Demetria alinyoosha mkono. "Mzee Cyprian, hilo daftari unalo?"

Alikuwa nalo. Alitembea nalo popote. Mama Demetria akavaa miwani, akasoma ukurasa, akaugeuza, akaurudia.

"Safu ya kazi iko wapi?"

"Kazi ipi?"

"Kazi wanayolipwa."

Mzee Cyprian akakohoa. "Kila mtu anajua kazi zao, mama."

"Basi mbona hujaziandika? Sikiliza, mzee wangu. Kwenye harusi unaangalia mfuko wa mtu, na hapo hakuna anayekushinda. Kwenye mshahara unaangalia kazi. Ukilipa familia, watu watakuletea familia. Wewe mwenyewe umeona, na mtaa mzima unajua. Mwanaasha ameazima mapacha. Gaudens amefufua bibi. Rosalia ameua ndoa. Na wote walikuwa watu wakweli kabla ya daftari hili."

"Nilitaka kuwasaidia wenye shida," alisema Mzee Cyprian polepole.

"Najua. Shida ni za kweli. Lakini mwenye shida anasaidiwa na mfuko wa kusaidiana. Mshahara wa mwingine si mfuko huo. Mwanaasha akilipwa kidogo ili watoto wa Gaudens wale, basi Mwanaasha ndiye anayewalea, na hata hajaulizwa."

Rosalia akajifuta uso. "Sasa inapimwaje, mama?"

"Jumatatu, sokoni. Usiende Mikocheni. Njooni na makopo matatu na maharage kilo mbili."

"Ya kupika?" aliuliza Anselmo.

"Ya kupimia. Na wewe nenda ukavae suruali."

Jumatatu wajumbe watano wa kamati walikaa kwenye benchi mbele ya ofisi. Mama Demetria alipanga makopo matatu mezani. La kwanza aliandika USAFI. La pili, ULINZI. La tatu, UKARANI.

"Ni marufuku kutaja jina la mtu," alisema. "Tunapima kazi. Leo kazi hii anafanya huyu, kesho atafanya mwingine. Sasa kila mmoja aeleze kazi yake tangu anafika mpaka anaondoka."

Rosalia alieleza mpaka wajumbe wakaziba pua. Mwanaasha alieleza risiti, daftari, benki na safari ya peke yake na mkoba wa fedha. Ikafika zamu ya Gaudens.

"Mie nalinda."

"Unalinda vipi?"

Gaudens alifikiri. "Kwa kukaa."

Watu wakacheka. Mama Demetria hakucheka. "Nani anakagua kufuli za vizimba jioni?"

"Hakuna."

"Nani anahakikisha mama lishe wamezima moto?"

"Hakuna."

"Nani anapanga magari ya mizigo yasizibe njia?"

"Wanajipangaga wenyewe, mama. Ndiyo maana wanagongana."

"Basi hizo zote ni kazi za mlinzi. Ziandikwe. Mtu hawezi kufanya vizuri kazi ambayo hajaelezwa."

Kisha akatoa maswali manne. Kazi hii inahitaji ujuzi gani? Inachosha kiasi gani? Mtu akikosea, kitaharibika nini? Na mahali pa kazi pana uchafu au hatari gani? Kwa kila swali, wajumbe wakubaliane idadi ya maharage, moja hadi kumi, kisha watie kwenye kopo.

Hapo kelele zikaanza. Mzee Cyprian alitaka usafi upate mawili kwa ujuzi. "Kufagia anajua kila mtu."

"Kuchanganya dawa ya choo anajua kila mtu?" aliuliza Rosalia. "Ukizidisha unakohoa wiki nzima. Nilifundishwa na bwana afya."

Wakatia manne. Kwa uchafu na hatari, Stanley alitia kumi bila kumwuliza mtu. Hakuna aliyebisha.

Wakiwa kwenye swali la tatu la ulinzi, wanabishana kwa sauti, kuku wa mama lishe akapanda mezani. Akainamisha kichwa kwenye kopo la pili.

"Kuku anakula ulinzi!" alipiga kelele Mwanaasha.

Gaudens aliruka kutoka kwenye kiti chake. Alimkimbiza kuku kupita samaki, kupita mchele, akazunguka vyoo mara mbili, akapuliza na filimbi. Soko zima likasimama kutazama. Hakuna aliyewahi kumwona Gaudens akikimbia. Alirudi anahema, kuku kwapani.

"Nastahili maharage mawili kwa hii!"

"Hapana," alisema Mama Demetria. "Tunapima kazi, hatupimi mtu. Kufukuza kuku hakumo kwenye kazi ya mlinzi."

"Basi kuandikwe!"

Kukaandikwa: mlinzi atazuia mifugo kuingia sokoni. Wakaanza upya kopo la ulinzi, safari hii likiwa na kifuniko.

Walipomaliza wakahesabu. Ukarani ulipata maharage mengi kuliko kazi nyingine, kwa sababu ya ujuzi na fedha za watu. Usafi ulifuata kwa karibu sana. Ulinzi ulikuwa wa tatu, lakini si mbali.

"Usafi uko juu ya ulinzi?" Mzee Cyprian alishangaa.

"Mzee," alisema Stanley, "tia mkono kwenye mfereji ule, halafu uulize tena."

Mzee Cyprian akautazama mfereji. Hakuuliza tena.

Kutokana na maharage hayo wakapanga viwango. Mama Demetria akawaonyesha jambo lingine. Kila kazi iliwekewa ngazi tano. Anayeanza huanza ngazi ya kwanza. Kila mwaka taarifa ya kazi yake ikiwa nzuri, hupanda ngazi moja. Rosalia, aliyekuwa katika mwaka wake wa nne pale, akawekwa ngazi ya nne. Sheria ni moja kwa wote: mwanamke au mwanamume, mwenye ndoa au asiye na ndoa.

Gaudens alinyoosha mkono. Safari hii hakuwa na mzaha. "Kwa hiyo mie nashushwa? Bibi wa Songea mfuteni, sawa. Lakini wale sita ni wangu kweli, mama."

"Hushushwi," alijibu Mama Demetria. "Umezoea kupata kiasi hicho, na kosa si lako. Utabaki hapohapo mpaka ngazi zikufikie. Na zamu za sikukuu zitakuwa na malipo ya ziada kwa yeyote atakayezifanya."

"Nazitaka zote! Na mama mkwe?"

"Huyo ni wako."

Kuhusu fedha alizopata Rosalia kwa uongo, yeye mwenyewe alizirudisha mbele ya watu. Mzee Cyprian alizipokea, akaanzisha nazo mfuko wa kusaidiana wa watu wa soko. Akachaguliwa mwenyekiti kwa sauti moja. Siku ya kwanza tu aliwabana Stanley na wauza samaki wakatoa kuliko walivyokusudia. Kazi hiyo, hakika, alizaliwa nayo.

Karatasi ya viwango ilibandikwa ukutani, kila mtu aisome. Nakala ikapelekwa manispaa. Kwanza ikarudishwa, kwa sababu walisahau kuandika siku za likizo. Wakaandika. Mwezi uliofuata ikakubaliwa.

Soko likabadilika. Kufuli zilikaguliwa kila jioni. Magari yaliacha kugongana. Mwanaasha aliacha kutafuta kazi kwingine, na mapacha walirudi kwao Buguruni, ingawa walililia maandazi ya sokoni. Gaudens bado anacho kiti chake, lakini sasa ukikiona, mara nyingi ni kitupu.

Siku ya malipo Rosalia alisaini mbele ya Mzee Cyprian. Alilipwa kwa koleo lake, kwa mfereji na kwa vyoo. Akasoma karatasi yake mara mbili. Hakuna mahali palipoandikwa Anselmo.

Alirudi nyumbani na nyama nusu kilo kikapuni. Anselmo, kwa mazoea ya siku zile za kujificha, alikuwa anazunguka uani ili aingie kwa mlango wa nyuma.

"We Anselmo! Unakwenda wapi huko?" Rosalia alimwita kwa sauti kubwa, majirani wote wasikie. "Pita mbele, mume wangu. Siku hizi hunigharimu kitu."

Anselmo akapita mbele, kifua wazi, akiwasalimu watu wote wa mtaa mmoja mmoja. Alipofika mlangoni akanusa kikapu.

"Kama sikugharimu kitu," alisema, "basi leo nipe vipande vitano."